Gololi ya Gia ya Tatu

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na nilikuwa hivyo tangu ujana. Marehemu mama yangu alikuwa akisema hasira zangu ni moto wa makuti: unawaka wote, halafu huoni hata kaa. Basi hadithi hii ni ya hasira moja ambayo nusura initoe ukweni, na ya kuku mmoja aliyeniokoa.

Nilikuwa dereva wa lori la kijiji chetu cha ujamaa, milimani huko upande wa Kipatimu. Mimi mwenyewe ni Mmwera wa Mtama, lakini nilioa kule kwa Wamatumbi, na kwa desturi zetu za kusini mwanamume huhamia kwa mkewe. Kwa hiyo nilijenga uani kwa mama mkwe wangu. Nyumba yake na yangu zilitazamana, mchanga mmoja, kuku wale wale. Lakini mimi na yeye hatukutazamana. Mkwe huheshimiwa kwa kuepukwa. Akipita, najibanza. Shikamoo naitoa nikiwa nimegeuka, marahaba inarudi kutoka nyuma ya ukuta. Neno lolote zaidi ya hapo lilipita kwa mke wangu.

Mwaka ule mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Tukampeleka mapema Kivinje kwa mama yake mdogo, awe karibu na hospitali. Jumatano moja akapanda mtu kwa miguu kutoka barabara kuu na habari: amejifungua salama, mtoto wa kike. Ijumaa ndiyo siku ya saba, atanyolewa na kupewa jina.

Ngoja niseme ukweli, niliruka. Mtu mzima na ndevu zangu nilirukaruka kama mwana mbuzi. Kule nyumba ya pili nikasikia kigelegele, kimoja, kirefu, halafu kimya. Mama mkwe alikuwa na watoto wengi, wengine wote aliwazika wachanga, akabakiwa na huyu mke wangu peke yake. Nywele za kwanza za mjukuu hunyolewa na bibi mzaa mama. Wembe alikwisha kuununua tangu mimba ilipoonekana. Asipofika Ijumaa, atanyoa mwingine, na jambo hilo halirudiwi.

Basi la abiria lilikuwa limeacha kupanda kwa sababu ya mvua za vuli. Lori lilikuwepo, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekwisha sema korosho za shamba la pamoja ziteremke kabla njia haijakatika. Safari ikawa kesho yake alfajiri. Shida ilikuwa gia ya tatu.

Ile gia ilikuwa inachomoka yenyewe. Unateremka mlima, injini inakushikilia vizuri, mara mkono wa gia unaruka katikati, na lori zima na mizigo yake linakuwa huru. Siku zote utingo wangu alikaa pembeni yangu akiukandamiza kwa mikono miwili. Lakini njia ikilowa, utingo hukaa nyuma na kigogo chake, tayari kuruka na kuzuia tairi. Mbele angekaa mama mkwe, maana mama mtu mzima huwezi kumweka juu ya magunia kwenye mvua. Sasa nani ashike gia? Nimwambie mkwe wangu, mama, hebu nishikie hapa, ubavuni kwangu? Bora nijitupe korongoni.

Kwa bahati nilikuwa na springi mpya, nilizoagiza kutoka duka la Mhindi mmoja Lindi. Kazi yenyewe si ya kutisha. Chini ya mfuniko wa gia boksi kuna springi ndogo, na kila springi inakandamiza gololi moja, punje ya chuma kama punje ya hindi. Gololi ndiyo inayoingia kwenye kishimo na kuizuia gia isitoke. Springi ikichoka, gololi inalegea, gia inachomoka. Nilikuwa sijawahi kuufungua mfuniko ule, lakini siku ile ungenipa hata ndege niifungue ningeifungua.

Nikamtuma utingo akatafute dizeli. Nikavua shati, nikabaki na bukta iliyotoboka, nikaondoa bati la sakafu ndani ya kebini, nikafungua nati moja baada ya nyingine huku nikiimba. Mama mkwe alipoona hali yangu ya nguo akaingia ndani akafunga mlango. Adabu hiyo.

Nikatoa springi ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Ya gia ya tatu ilikuwa imebanwa na uchafu. Nikaichokoa na bisibisi, ikafyatuka, na gololi yake ikaruka ikapita mlangoni, ikaanguka uani. Niliiona kwa macho yangu iking'aa kwa grisi. Nikashuka mbio, nikakuta kuku wanatawanyika na mchanga mtupu.

Nilitafuta nikiwa nimepiga magoti. Utingo alirudi, naye akapiga magoti. Tulichekecha mchanga kwa chekeche la unga. Hakuna. Na gololi ya akiba hakuna, Lindi ni mbali, na jua linashuka. Nilianza kuona Ijumaa inanipita, binti yangu ananyolewa na mtu baki, na mama mkwe ameketi nyuma ya ukuta wake na wembe mkononi. Roho iliniuma mpaka nikaanza kutukana springi.

Katikati ya hayo nikasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Mara akaitwa jirani aje kuchinja. Mara nikasikia maji, manyoya, harufu ya nazi. Hapo nikawaka. Nikamwambia utingo, sauti juu, nisikike ninakotaka kusikika, "Watu tunatafuta roho ya lori, wengine wanafanya karamu!"

Utingo wangu alikuwa Mngoni, mtani wangu, hakosi neno. Akasema, "Mwachie mama wa watu afurahie mjukuu wake. Wewe umezaa nini, si umepoteza gololi tu?"

Haukupita muda jirani akaleta sinia limefunikwa kawa, akaliweka mkekani akaondoka. Chakula cha mkwe wa kiume: wali, na juu ya wali firigisi, maana firigisi kwetu ni ya mkwe, hailiwi na mwingine. Nikageuza uso. "Mimi sili. Lirudishe."

Utingo akaacha utani. "Unajua unachosema? Sinia la mkwe likirudi limefunikwa, mkeo huna."

"Nimesema sili."

"Basi nitazame mimi tu, wewe fumba macho." Akafunua kawa, akanyamaza. Mtani wangu kunyamaza ni habari kubwa, ikabidi nigeuke.

Juu ya wali, pale pale firigisi inapokaa, palikuwa na gololi. Imeoshwa, imesuguliwa kwa majivu, inang'aa kuliko siku iliyotoka kiwandani. Kumbe mama mkwe, kupitia upenyo wa dirisha, alimwona kuku akiidonoa. Kutoka hawezi, mimi niko na bukta. Kuniita hawezi. Na kumtuma mtu aseme imo tumboni mwa kuku, halafu isiwemo, ni aibu. Akaona achinje kwanza ahakikishe. Kuku wenyewe wanafanana, lakini wa kwanza akawa ndiye.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu sijui kama yalikuwa bado ya kicheko. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Mimi ningekuwa mkizi, na mvuvi angekuwa mtu mwingine kabisa aliyemtamani mke wangu. Nilikula wali ule mpaka wa chini. Nikavaa shati. Nikaipaka gololi grisi, nikairudisha mahali pake kwa vidole viwili huku utingo amekinga kitambaa mlangoni, nikaweka springi mpya, nikafunga. Nikawasha. Gia ya tatu ikaingia kwa mlio mzito wa kushiba. Nikairudisha na kuiingiza tena, kwa raha tu.

Alfajiri nikatundika kanga ndani ya kebini, kati ya kiti changu na cha mama mkwe. Ilishuka mpaka karibu na mkono wa gia. Akapanda, nikaona ncha za miguu yake tu. Utingo nyuma na kigogo. Mvua ilinyesha usiku, mlima wote utelezi.

Tuliteremka. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nasikiliza ile gia kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa. Kona ya kwanza imekaa. Ya pili imekaa. Pale penye korongo, ambapo kila safari ilichomoka, lori likatingishika, likanguruma, na gia haikutoka. Nilitaka kupiga kelele.

Tulipofika bondeni penye tambarare nikateremsha mkono niweke ya nne. Nikaurudisha haraka. Chini ya pindo la kanga kulikuwa na vidole, vimeushika mkono wa gia, vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Alikuwa ameushika tangu juu mlimani, kama alivyomwona utingo akifanya siku zote.

Basi ningefanyaje? Mkono wa mkwe haushikwi. Nikaendelea na ya tatu, njia imenyooka, injini inalia, utingo anagonga bati la juu, "We vipi, weka ya nne!" Mwisho nikaliambia lori, kwa sauti ya heshima, "Ewe lori, gia yako imekaa. Mwenye kuishika na apumzike. Ahsante sana." Vidole vikaachia polepole, vikarudi nyuma ya kanga.

Kivinje tulifika mchana wa Alhamisi. Mtoto alikuwa na nywele zake zote. Ijumaa akanyolewa na bibi yake kwa wembe ule ule, mimi nimesimama ukumbini nimetazama nje kama inavyotakiwa. Alipomaliza, nikamsikia akisema na yule mtoto mchanga, wazi, nami nisikie:

"Mwambie baba yako ile firigisi niliila mimi. Na mwambie hasira apunguze."

Mke wangu akacheka. Tangu siku hiyo mimi na mama mkwe tulizungumza kila jambo kupitia kwa mtoto yule, hata kabla hajajua kusema.