Jina la Kuita Majini

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Nyamitaba, mwalimu wetu alikuwa mtu wa Haiti, nchi ya kisiwani ng'ambo ya bahari. Miaka ile baada ya uhuru wetu walimu wa kwao walikuja wengi. Kabla ya kunywa kahawa yake alimwaga matone matatu chini. Tulimcheka.

"Papa Mwalimu, udongo iko na kiu?"

"Wafu njo wanakunywa kwanza," alijibu.

Akatuambia kwamba kwao, mtu akifa, roho yake hukaa chini ya maji mwaka mmoja na siku moja. Kisha ndugu huenda kuiita kwa jina lake, nayo hupanda na kuingia katika chungu kidogo. Imani hiyo, pamoja na ngoma na nyimbo zao, mababu zao walitoka nayo huku Afrika walipopelekwa utumwani. Baada ya hapo sikusikia tena somo. Mama yangu alikuwa amekufa wakati wa kuvuna maharagwe, na maharagwe yalikuwa yanakauka tena shambani.

Nilihesabu siku. Siku yenyewe ilipofika, nikachukua kachungu ka chumvi ka bibi yangu, nikashuka mtoni. Ukungu ulilala juu ya maji. Ng'ombe walilia ndani yake, wasionekane. Nikapiga magoti, nikafungua kinywa, ndipo nikatambua kwamba jina la mama silijui. Kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wa kwanza nilikuwa mimi.

"Mama Furaha!" niliita. "Mama Furaha!"

Maji yalipita tu.

Bibi alinikuta pale nikilia.

"Weye, chumvi yangu umeiweka wapi?"

"Mu sahani. Koko, jina ya Mama njo nani?"

Alichukua kachungu mikononi mwangu.

"Ile umeita, njo yake. Ile ingine aliiacha siku ulizaliwa, na hakuitafuta tena."

Akajaza kachungu maji, akanibebesha hadi nyumbani. Sikuuliza kama mlikuwa na mtu ndani.

Mimi ni mtu wa kanisa. Najua wafu wetu wako mikononi mwa Mungu, si mtoni. Lakini mwaka huu nimemzika Baraka, mwanangu wa kwanza. Sokoni Mweso wengine, kwa huruma, huniita "Mama..." kisha hunyamaza.

"Maliza jina, dada," nawaambia.

Wakimaliza, naitika.