Walioulizwa Wakanitazama Mimi

Nakumbuka Jumapili moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto, halafu nacheka mpaka mke wangu anatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kaa vizuri nikusimulie. Nimesikia umechaguliwa kuongoza vijana wa usharika, na furaha niliyo nayo ingeweza kuwasha taa Karatu nzima, kuanzia sokoni hadi kwenye lodji za watalii kule juu.

Wakati huo nilikuwa mwinjilisti kijana. Mchana nilibeba magunia sokoni Karatu, jioni nilisoma masomo ya watu wazima, na nilipofaulu nilikitembeza cheti changu ndani ya Biblia kana kwamba na mitume walikuwa nacho. Kanisa likanipa mtaa mdogo wa wafugaji wa Kimasai upande wa Baray, chini ya milima ya Ngorongoro. Nilienda kwa baiskeli kutoka kwetu Endabash, kila Jumapili, kwenye njia yenye mawe mengi kuliko nyota, na sidhani kama kuna jiwe hata moja nililolikosa.

Nikifika, kila kitu ni mimi. Kengele napiga mimi. Wimbo naanzisha mimi, sauti ya kwanza na ya nne kwa pamoja. Somo nasoma, nahubiri, naomba, natangaza, nafunga. Aliyenisaidia ni mama Nashipai peke yake, mke wa mfugaji mmoja pale, aliyesoma hadi darasa la saba. Yeye alitafsiri mahubiri yangu kwa Kimaa.

Siku moja akaniambia, "Mwinjilisti, niachie hicho kitabu cha mafundisho nisome nao katikati ya wiki. Wewe tunakuona Jumapili tu."

Nikamjibu kwa ule upole wa mtu mwenye majivuno, "Mama, haya yanataka mtu aliyesomea." Kitabu nikakirudisha kwenye begi, nikavuta zipu.

Sasa, nilikuwa na watu wazima kumi na mmoja waliojiandaa kubatizwa. Mkubwa wao alikuwa mzee Sironka. Kwa hesabu yangu alikuwa na miaka mia moja na ishirini, ingawa wanawe walisema themanini. Kifua kilikuwa kinambana, magoti yamegoma, na alishamwambia kila mtu kwamba jambo moja tu limebaki kabla hajazikwa: abatizwe. Mchungaji wetu alikuwa na mitaa mingi, kwetu alifika mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mzee alihesabu miezi.

Jumapili ninayokuambia, mchungaji akafika. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akawaweka wale kumi na mmoja mbele yake, akauliza kwa upole, "Ubatizo ni nini?"

Shingo kumi na moja zikageuka kunitazama mimi.

Akauliza swali la pili, "Yesu alikufa kwa ajili ya nani?" Shingo zile zile, upande ule ule. Na mimi, mwanangu, usicheke, nikafungua mdomo nijibu! Mchungaji akaninyooshea kiganja. Akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, wewe unasemaje?"

Mzee Sironka akanielekezea fimbo yake. Akasema kwa Kimaa, Nashipai akatafsiri: "Muulize huyu. Tulimwachia asome kwa niaba yetu."

Kanisa zima lilicheka. Mchungaji hakucheka. Alisema hawezi kumbatiza mtu asiyejua anaahidi nini, na kwamba atarudi mvua zikianza. Nikamwona mzee akisaidiwa kuinuka, na kicheko kikaisha.

Baada ya ibada mzee Sironka akaniita zizini kwake. Nashipai alisimama katikati yetu kama kawaida, akitafsiri, na nadhani siku hiyo alifurahia kazi yake kidogo.

"Ero," mzee akaanza, ndivyo wanavyomwita kijana, "kiangazi kikikaza, ng'ombe wangu nawaweka wapi?"

"Sijui, mzee."

"Hajui! Na ana cheti." Akatikisa kichwa. "Wa maziwa wanabaki hapa na wake zangu. Wengine mwanangu mkubwa anapanda nao Ngorongoro, kwenye majani. Wengine wako kwa shemeji yangu, mbali, mwaka mzima siwaoni. Ukame ukipiga hapa, wa kule wanapona. Nikitaka wote walale zizini humu ili niwatazame kila asubuhi, nitabaki na zizi la mifupa. Sasa wewe, Neno la Mungu lote umeliweka kwenye begi moja. Mto wa njiani ukikuzuia, sisi hatuna kitu. Na mimi, ero, sina miaka ya kukungojea."

Nililia njia nzima. Ningelia zaidi Ziwa Eyasi lingefurika. Usiniulize kuhusu chakula cha jioni, sikukigusa, na mimi si mtu wa kuacha ugali. Nilifungua habari za Musa akihukumu watu tangu asubuhi hadi jioni, mpaka mkwe wake akamwambia atachoka bure, agawe kazi. Nilikuwa nimelihubiri somo hilo mara mbili! Nikakumbuka pia Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wawili wakiwa bado hawajaelewa hata nusu.

Jumapili iliyofuata nikamkabidhi Nashipai kitabu mbele ya watu wote, nikamwomba radhi. Lakini kukabidhi kitabu ni rahisi. Kilichoniua ni kukaa kwenye benchi akifundisha yeye. Kunyamaza, mwanangu! Ulimi wangu niliubana mpaka nikadhani utabaki na alama za meno hadi ufufuo.

Siku moja alisimulia mfano wa yule mwenye kondoo mia aliyeacha tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Watu wakamkatisha. Wafugaji hawa, wakasema haiwezekani, hao tisini na tisa amemwachia nani? Chui je? Mabishano yakapamba moto. Nikainuka nusu, niweke mambo sawa. Mzee Sironka akasema, "Aliwaachia wenzake. Hakuna anayechunga peke yake." Nikakaa chini polepole. Mahubiri yangu ya miaka mitatu hayakuwahi kubishaniwa hata dakika moja.

Ng'ombe walipopanda Ngorongoro, mwana mkubwa wa mzee, ambaye naye alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja, alipanda nao. Nilimwandikia mambo machache kwenye daftari, akalitia ndani ya shuka lake. Sikuwa na njia ya kumfuata wala kumkagua. Nilibaki kuomba tu.

Mvua zikaanza, na ujumbe ukaja kwamba mchungaji anakuja. Nikatoka Endabash na alfajiri, nimevaa shati jeupe kuliko maziwa. Nikafika mtoni, mto umejaa. Maji mekundu, yanabeba magogo. Nilisimama pale kwa muda wa saa nane, nikiwaza mzee anaulizwa maswali na mimi sipo.

Maji yalipopungua nikavuka na baiskeli kichwani. Nikasikia nyimbo kabla sijaliona kanisa. Nashipai akanikimbilia.

"Umechelewa, mwinjilisti! Wameshabatizwa!"

"Wote?"

"Kumi na wanne!"

"Kumi na mmoja, mama."

"Kumi na wanne! Yule wa ng'ombe amewafundisha wenzake watatu huko juu, ameshuka nao. Mchungaji alilala hapa tangu jana, alipita njia ya Karatu. Aliuliza uko wapi, tukamwambia labda mto. Tukaendelea."

Tukaendelea! Sijasikia neno tamu kama hilo tangu nizaliwe. Mzee Sironka alikuwa ameketi, matone ya maji bado yako kwenye nyusi. Akanishika mkono akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Mimi jibu mwenyewe." Nikaruka na vijana wao nikiwa na shati la matope, juu mpaka nadhani niliona Arusha.

Basi, mwanangu, nisikilize. Tangu wiki yako ya kwanza tafuta wa kumpa kazi, tena kazi yenyewe, si kupanga viti. Mfundishe, kisha kaa kimya akifanya. Akikosea mtetee mbele ya watu, msahihishe mkiwa wawili. Akikupita, shangilia kwa sauti, maana hukupewa watu ili wakutazame wewe. Ulipewa ili wamjue Kristo hata usipokuwepo. Na moyo ukianza kutamani kuhitajika kila mahali, piga magoti upesi kabla haujakuharibia kazi.

Mungu akupe watu wenye bidii kuliko wewe, na furaha ya kuwatuma. Akulinde na sifa, akuongezee subira, na wale utakaowaandaa nao waandae wengine ambao majina yao hutayajua kamwe. Amina, mwanangu. Nenda, vijana wako wanakungoja.