Mbwa wa Chumba cha Mkamwana

Juzi nimekwenda kutazama fleti ya kupanga hapa Kyela mjini, ghorofa mbili, vigae vinateleza mpaka nzi akitua anaanguka chali. Dalali akanipa mkataba mnene kama Biblia ya kanisani. Nikapitisha macho hadi nilipokuta neno hili: mpangaji haruhusiwi kufuga mbwa. Nikacheka peke yangu mpaka dalali akajisogeza pembeni. Kisha kicheko kikanikwama, rafiki yangu, maana kiwanja nilichosimama juu yake nilikijua. Chini ya vigae vile ndipo palipokuwa na uwanja wetu wa udongo, vyumba saba vya kupanga vilivyoezekwa bati, na mzee mwenye nyumba ambaye hakuhitaji karatasi ili kukataza kitu.

Yeye sheria aliitoa kwa mdomo, siku mpangaji anashusha godoro. "Nyumba hii ina choo, ina kisima, haina mbwa." Uwanja ule alianikia mpunga na kakao yake, na alituapia kwamba zamani mbwa mmoja alilalia mpunga wake usiku kucha, na mchele wake ukanuka mbwa mpaka ng'ambo ya mto Songwe. Mimi na bibi yangu tulipanga chumba cha pili kutoka langoni. Ukiniuliza utoto wangu unanukaje, nitakwambia unanuka kakao iliyovundikwa chini ya majani ya migomba, kali kama siki, tamu kama pombe ya jana, na juu yake usipa wa bibi, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ukikaangwa mlangoni. Kazi yetu watoto asubuhi ilikuwa kugeuza kakao kwenye mikeka: unaingia pekupeku, unaburuta miguu kama unatafuta sindano, na mbegu zinalia kra kra kra. Nyayo zangu zilikuwa za kahawia mwaka mzima. Mwalimu alidhani siogi.

Tomi nilimpata Kasumulu, siku bibi alipokwenda kununua vitenge mpakani. Alikuwa mdogo kama kiatu, masikio makubwa kama majani ya magimbi, na alinifuata tangu darajani kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Nilimfikisha nyumbani ndani ya kapu, juu yake vitenge. Bibi alipogundua alishika kiuno. "Gwe mwana! Unataka tulale barabarani?"

Aliyetuokoa ni mkamwana. Alikuwa mke wa mtoto wa kwanza wa mzee mwenye nyumba. Mume alikuwa machimboni Chunya, naye alikaa chumba cha pembeni na mtoto mchanga. Akamtwaa Tomi shingoni, akacheka. "Mleteni kwangu. Humu mzee hafiki hata nyumba ikiungua."

Na kweli. Kwetu Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana na baba mkwe hawakukutana hata macho. Mzee alikohoa langoni kutoa taarifa, na ukikisikia kile kikohozi ungeona mkamwana anaacha mchi hewani, anajifunika kanga usoni, anapotelea nyuma ya choo. Siku moja alipotelea kwenye upupu, akatoka amevimba kama andazi, lakini heshima aliilinda. Mzee naye, kizingiti cha chumba kile kwake kilikuwa kama moto. Basi Tomi alikaa humo miezi mingi kama mbunge. Nilimpelekea vichwa vya usipa na ukoko wa wali, naye mkamwana alimruhusu kulala miguuni pa mtoto. Mara nyingi nilimkuta anaongea naye kuliko alivyoongea na sisi wote.

Lakini mbwa akikua, anabweka. Mchana mmoja mzee alikuwa anakagua kakao yake, mle ndani kukalia "Wou!"

Mzee hakuruhusiwa kusema na mkamwana, kwa hiyo aliuambia mchi uliokuwa umeegemea ukuta. "Wewe mchi, mwambie mwenye chumba hicho amtoe mbwa."

Mkamwana akajibu kutoka ndani, naye akimwambia bibi yangu. "Bibi, mwambie tata, baba yetu, huyo ni mtoto anakohoa."

"Wou!" akasema Tomi.

Uwanja mzima ulicheka. Mama muuza ndizi alicheka mpaka akakaa chini, mwalimu wetu, aliyepanga chumba cha tatu, akaficha uso kwenye madaftari. Mzee hakucheka. Alisimama muda mrefu akikitazama kile kizingiti. Kuingia hawezi. Kumtuma mwanamume mwingine aingie chumba cha mke wa mtu, mume yuko Chunya, ni kuanzisha vita ya ukoo. Wanawake wote walikuwa upande wa mkamwana. Tukadhani ameshindwa, na mimi nikatembea uwanjani siku ile kifua mbele kama nimeikomboa nchi.

Kesho yake alikuja na fundi na ngazi. Ilikuwa Aprili, na mvua ya Kyela ya Aprili haina matone, inamwagwa kwa ndoo. Mzee akaweka kigoda katikati ya uwanja, akakipa chumba mgongo asije akamwona mkamwana, akafungua mwavuli. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Siingii kwa mtu. Nachukua bati langu."

Fundi alianza na bati la juu ya kitanda. Misumari ililia. Bati la pili, la tatu, mpaka chumba kikabaki kuta nne na mawingu. Watu waliendelea kucheka, maana ujanja ule ulikuwa mkali, lazima tuseme kweli. Mimi pia nilicheka. Kisha mvua ikaja, tukamsikia mtoto mchanga analia, na mkamwana hakutoka. Angetokaje? Baba mkwe ameketi uwanjani.

Tukamtazama mzee, tukidhani sasa atainuka. Akageuza kichwa upande wetu. "Akikaa na mbwa wake mpaka jioni, kesho naezua chumba cha jirani. Bati zangu ziko nyingi."

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi watu wanavyogeuka. Mama muuza ndizi aliyekuwa akicheka jana akapiga kelele, "We mama, mtoe huyo mbwa! Sisi tuna unga humu!" Mwalimu akasema sheria ni sheria. Na bibi yangu, aliyekuwa ananipa vile vichwa vya usipa, akanishika bega.

"Nenda wewe. Wewe mtoto, huna mkwe."

"Atanikataza."

"Nenda, au tulale barabarani."

Niliingia. Maji yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu, godoro limelowa, mkamwana ameinama pembeni, mtoto kifuani chini ya beseni la bluu lililopinduliwa. Tomi alikuwa mvunguni. Mkamwana alinitazama, akanong'ona, "Usimwite. Akiitwa na mwingine hatoki. Ukimwita wewe, atakuja."

Nikamwita.

Nilimwita kwa sauti ile ya chakula. Alitoka mkia ukitikisika hadi kiuno, akanilamba magoti, akanifuata mlangoni akiruka maji. Fundi alikuwa anangoja na gunia la kakao limefunguliwa, na ni mimi niliyemsukuma ndani, kwa sababu aliniamini mimi. Fundi akaenda naye upande wa mto Kiwira, akarudi na gunia tupu, limelowa.

Mzee alikuwa mtu wa neno lake: kabla ya jua kuzama bati zote zilirudishwa, msumari kwa msumari. Akanipa tunda la kakao lililoiva, akanisifu mbele ya watu kwamba nina akili kuliko wapangaji wake wote. Nilikaa kizingitini kwetu, nikafyonza ule utamu mweupe, mbegu baada ya mbegu, nikalimaliza.

Mkamwana hakunisemesha tena. Mavuno yalipokwisha alihama, beseni kichwani, mtoto mgongoni.

Leo uwanja hauko, kakao inaanikwa kwingine, mzee amezikwa zamani, na wakwe wa siku hizi wanakaa meza moja wanagombania rimoti ya televisheni. Sililii vyote hivyo. Nimeulizia tu habari za yule mama. Wananiambia yuko Busale, amezeeka, analima mpunga, na kwake kuna mbwa wanne. Mwaka huu nimefika huko mara mbili. Mara zote mbili walitoka wote wanne kunipokea njiani, mikia inacheza, nami nikamwambia wa bodaboda ageuze.