Siku Nyanzala Alipopanda Mnara

Ukitaka kujua nani aliijenga Igogo ya mlimani, pale Mwanza, usiwaulize mafundi. Mafundi watakuambia ni wao, na fundi hakosi maneno. Muulize aliyepandisha mchanga. Kule juu gari halifiki, punda anagoma, na toroli ni kichekesho kitupu. Kila tofali, kila mfuko wa saruji na kila ndoo ya maji ya kukorogea vilipanda juu ya kichwa cha mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa Nyanzala.

Alibeba kwa miaka thelathini na sita. Alijua njia zote za mawe kama mtu anavyojua chumba chake gizani, alijua jiwe gani linateleza mvua ikinyesha na jiwe gani ni rafiki. Vijana wenye vifua vipana walikuja, wakabeba wiki mbili, wakagundua kwamba wana vipaji vingine. Yeye alikuwa anakunja kitenge kuwa ngata, anaweka ndoo kichwani, anapanda. Hakuwa na maneno mengi. Ukimwambia pole, anakuambia asante na kupita.

Lakini mwili nao una siku yake. Alipofika miaka sitini na moja magoti yalikuwa yameshakataa mzigo, na masika yaliyopita yakakataa hata kumbeba mwenyewe. Aliteleza akitoka kuchota maji, akalala katikati ya mawe tangu asubuhi mpaka jua la utosi, ndipo mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akamsikia. Binti yake Teodora, fundi cherehani wa Buhongwa, alipopata habari hizo hakulala siku tatu. Akaita fundi, akajenga chumba kimoja ndani ya uwanja wake, sehemu tambarare, choo mlangoni. Akaja Igogo kumwambia mama ahame.

Mama akakataa. Wiki ya kwanza alisema hana wa kumwachia kuku. Wiki ya pili alisema jumuiya yake ya kanisani haitampata tena. Wiki ya tatu alisema Buhongwa kuna vumbi, kana kwamba Igogo wananyunyiza marashi. Teodora akaondoka amenuna, na alikuwa na haki ya kununa, kwa sababu sababu yenyewe hakuambiwa.

Sababu ilikuwa nyuma ya nyumba. Mwaka mmoja kabla Teodora hajazaliwa, Nyanzala alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo aliishi siku kumi na moja. Mtoto mchanga kiasi hicho, kwa desturi ya wanawake waliomzunguka, hapelekwi makaburini na hawekewi matanga. Anabaki nyumbani kwa mama yake, kando ya ukuta. Tatizo ni kwamba nyumbani kwa Nyanzala hapakuwa na udongo. Ni mlima, ni jiwe juu ya jiwe. Wanawake wakaona ufa mpana kando ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, wakamlaza humo, wakabaki wanatazamana kwa sababu cha kumfunika hakipo.

Nyanzala akachukua ndoo. Wakamkataza, wakamwambia uzazi bado mbichi, kaa chini, atakwenda mwingine. Akawa kama hasikii. Alishuka bondeni akapanda na udongo mwekundu kichwani, akashuka tena, mpaka mara nne. Siku chache baadaye mwanamume mmoja aliyemwona akipanda alimwuliza kama anaweza kumpandishia na mchanga wa ujenzi. Akasema anaweza. Wengine huanza kazi kwa barua na mkono wa pongezi, yeye alianza hivyo.

Wanawake wale, wengine walihama, wengine wamekufa. Mume wake Chenge, aliyekuwa kuli wa bandarini, alikufa pia na kuzikwa kwao Magu. Kwa hiyo katika dunia nzima alibaki mtu mmoja tu aliyejua kwamba pale kando ya jiwe kuna mtoto. Akihama yeye, pale panakuwa udongo tu. Nyanzala alikuwa anaogopa jambo hilo kuliko alivyoogopa kufa peke yake kwenye mawe.

Basi wiki ya nne Teodora alipokuja, mama akamwambia, "Nipeleke kwanza kule mnarani."

"Mnara gani, mama?"

"Ule wa Wajerumani. Nataka kuona unakonipeleka. Nikiiona Buhongwa kutoka kule juu, nitahama."

Mnara huo uko kwenye kilima cha upande wa pili, unatazamana na Igogo. Wajerumani waliujenga wapate kuliangalia ziwa na kila aliyekuwa anakuja nalo, wakaondoka wakawaachia popo. Juzi juzi ulikarabatiwa, ukafunguliwa kwa wageni wanaopenda kuuona mji wote kwa mara moja. Mchanga wa ukarabati huo Nyanzala aliubeba, ilikuwa kazi yake ya mwisho. Lakini wabeba mchanga walimwaga mlangoni, na kule juu walipanda mafundi. Hakuwahi kuvuka kizingiti.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mnara na nyumba yake viko karibu urefu mmoja. Mnara ukiiona Buhongwa, basi na Buhongwa inaiona Igogo. Ataweka kigoda uwanjani kwa Teodora kila asubuhi, atatazama upande wa jiwe lake, na mtoto atakuwa hajaachwa. Hayo yote hakuyasema. Teodora alisikia tu kwamba mama ana sharti, na sharti lenyewe ni kutalii, akacheka kwa furaha.

Walikwenda Jumamosi. Mlangoni walipokelewa na Mwalimu Muganyizi, mzee wa Kihaya aliyestaafu ualimu na kupewa funguo za mnara. Mhaya akishika funguo, hata Mjerumani mwenyewe akirudi ataomba ruhusa.

"Shikamoo, mwalimu," Teodora alisema.

"Marahaba. Karibuni. Mama, ngazi ni themanini na nne. Zinapandwa kwa heshima, hazipandwi kwa haraka."

"Mimi na haraka tulishaachana," Nyanzala akamjibu.

Alipanda akishika ukuta, Teodora nyuma yake mikono imetangulizwa mbele kama mtu anayefukuza kuku. Kila ngazi ya kumi walipumzika. Penye plasta mpya Nyanzala alipapasa kwa kiganja, akasema taratibu kwamba huu mchanga wangu, niliutoa kule mtoni, una chembe kubwa. Mwalimu Muganyizi, aliyekuwa amezoea kuwaeleza wageni mambo ya mnara, siku hiyo aliandika kitu kwenye kidaftari chake.

Juu kulikuwa na upepo. Mwalimu alianza kama anavyoanza siku zote: kule Jiwe la Bismarck, ile ni feri inakwenda Kamanga, kule juu ni hospitali ya Bugando, na ziwa hili mnaloliona, ndugu zangu, ni kubwa kuliko baadhi ya nchi. Mwanza yote ilikuwa chini yao, bati kwa jiwe, jiwe kwa bati, na maji yanang'aa pembeni. Wageni wengine hupiga picha hapo. Nyanzala alitazama Igogo tu. Alishangaa kuona kwamba mlima uliommaliza magoti ni mdogo hivyo, unaweza kuufunika kwa viganja viwili. Akafuata njia zake kwa macho, akapanda nazo mpaka kwenye jiwe kubwa, akaona bati lake. Nyuma ya bati, kwenye mawe ya kijivu, kulikuwa na kidoa chekundu. Mlima mzima haukuwa na kingine. Udongo wake ulikuwa unaonekana mpaka huku.

Moyo ukamjaa. Akageuka haraka upande wa kusini.

Kusini kulikuwa na vilima. Aliifuata barabara ya Shinyanga mpaka Mkuyuni, ikajificha, ikachungulia tena mbele, kisha vilima vikaifunga. Buhongwa ilikuwa nyuma ya vilima hivyo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akasogea mpaka kwenye kona ya ukingo. Mtu aliyebeba mchanga kwenye vilima vya mji huu miaka yote hiyo hadanganywi na kilima. Buhongwa haionekani. Aliumia kama mtu aliyenyimwa kitu kwa mara ya pili.

"Ile pale, mama," Teodora akasema. Alikuwa amenyoosha kidole, uso umechangamka kama wa mtoto. "Unaona lile bati la bluu, karibu na ule mti? Pale ndipo kwangu. Kumbe ni karibu hivi. Kila siku utakuwa unapaona kwako."

Bati la bluu lilikuwa Nyegezi. Teodora aliijua njia ya kwenda kwake kwa vituo vya magari, akishuka kituo chake anafika, hakuwa na sababu ya kuijua kwa vilima. Mwalimu Muganyizi akakohoa, akafungua mdomo amsahihishe. Nyanzala akamtazama. Mwalimu akaufunga mdomo, na kwa mwalimu mstaafu, tena Mhaya, hilo si jambo dogo.

Nyanzala alimtazama binti yake. Aliona macho yaliyokosa usingizi tangu masika. Akawaza kwamba ana watoto wawili, mmoja amekaa naye miaka thelathini na sita bila kumwacha hata siku moja, na yule hahitaji maji wala uji. Huyu mwingine ndiye aliyeachwa anasubiri. Aliona aibu. Wazo hilo lilimchoma kuliko kutoiona Buhongwa.

"Nimeiona," akasema. "Basi nitahama."

Teodora akamkumbatia palepale, mwalimu akageuka kutazama ziwa. Na kwa kuwa furaha humfanya mtu atoe yote aliyoficha, Teodora akatoa na habari yake. Mpangaji wa nyumba ya Igogo ameshapatikana, anaitwa Yakobo, ni mtu mzuri, ana mke na mtoto. Ameomba kitu kimoja tu.

"Anataka kuweka simtanki nyuma ya nyumba, mama, asiwe anabeba maji kama ulivyoteseka wewe. Pale penye udongo, kando ya jiwe. Ndipo pekee palipo tambarare. Atachimba kidogo, amwage zege. Nimeshamwambia sawa."

Nyanzala alishika ukingo wa mnara.

"Mwambie hapana."

"Kwa nini, mama? Ni udongo tu."

"Pale amelala kaka yako."

Mwalimu Muganyizi alishuka ngazi chache, akawaacha. Nyanzala akasimulia yote kwa ufupi, kama mtu anayetua mzigo bila kusaidiwa, siku kumi na moja, ufa wa jiwe, ndoo nne. Akasema wanawake walimwambia asilie kwa sauti, atafunga kizazi, na kweli hakulia, na mwaka uliofuata akamzaa yeye.

"Mlimwita nani?" Teodora aliuliza.

"Elias. Baba yako ndiye aliyempa. Hakuwahi kubatizwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini, mwanangu? Ulipokuwa mdogo ulikuwa mdogo. Ulipokua, nilikuwa nimeshazoea kunyamaza." Akavuta pumzi. "Na lile bati si la kwako. Pale ni Nyegezi. Buhongwa haionekani kutoka hapa."

Teodora akageuka kutazama kusini, akatazama muda mrefu. "Sasa mbona ulisema umeiona?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa umefurahi."

Teodora akalia. Akasema basi, mama asihame, atatafuta mtu wa kukaa naye Igogo, atakuja yeye mwenyewe na cherehani yake. Nyanzala akatikisa kichwa. Alimwambia kwamba hakuwa anaogopa kumwacha mtoto, mtoto hana pa kwenda. Aliogopa kuondoka bila mtu mwingine kujua kwamba yupo.

"Sasa unajua," akasema. "Nitahama. Ila pale pasichimbwe, hata nikifa."

Teodora akafuta uso, akatoa simu, akampigia Yakobo. Alimwambia simtanki iwekwe upande wa mbele, hata kama itabidi kujenga msingi wa mawe, na pale nyuma asiguse. Yakobo bila shaka aliuliza sababu, maana Teodora alisema, "Kuna mtu wetu pale." Halafu akakata simu, akaja akasimama bega kwa bega na mama yake, wakitazama Igogo.

"Nionyeshe," akasema.

Nyanzala akamwonyesha jiwe, akamwonyesha bati, akamshika kidole na kukipeleka mpaka kwenye kile kidoa chekundu. Teodora alipokiona alisogea ukingoni. Kisha akauliza kama wanavyouliza ndugu wote wakiletewa mtoto wasiyemjua.

"Alifanana na nani, mama? Na baba, au na mimi?"

Nyanzala alifungua mdomo amjibu. Alitaka kusema pua ilikuwa ya Chenge. Akaitafuta ile pua, akatafuta macho, akatafuta hata rangi. Ulimjia uso wa Teodora alipokuwa mchanga, zikaja nyuso za wajukuu, zikaja za watoto wa majirani aliowapokea walipozaliwa. Alikumbuka uzito wa udongo, ndoo ya kwanza mpaka ya nne, na jinsi ulivyokuwa unamwagikia shingoni. Uso haukuja.

"Sikumbuki, mwanangu," akasema.

Akakaa chini kwenye sakafu ya mnara, na hapo ndipo alipolia kwa sauti. Mwalimu Muganyizi, kule kwenye ngazi, aliwaambia wageni waliokuwa wanapanda wasubiri kidogo.