Upepo Ulionipinda Mdomo

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Niliona mpaka ukifunguka na watu wakimiminika Goma na magodoro kichwani. Niliona mlima ukishuka mjini kama uji wa moto. Niliona wanajeshi wa kila kofia wakipita, na wengine wakirudi na kofia nyingine. Kila walipopita, watu walijenga upya, na mimi niliuza mbao. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini nyumba nyingi za mji huu zimesimama kwa misumari na kwa mdomo wangu: misumari ilishika mbao, mdomo ulishika wateja.

Basi asubuhi moja chai ikanimwagikia kifuani. Nilidhani kikombe kimepasuka. Mke wangu akaanza kucheka, akaniangalia vizuri, akaacha. Upande wa kulia wa uso wangu ulikuwa umelala. Jicho halifungi, shavu linaning'inia, mdomo umevutwa kushoto.

Na wakwe walikuwa wameshapanga siku ya kuja kuposa binti yangu wa kwanza. Kwetu sisi watu wa Rutshuru, siku hiyo mtungi wa pombe ya ndizi unawekwa katikati, na baba wa msichana ndiye anayevuta wa kwanza kwa mrija. Akivuta, amekubali. Sasa mtu wa mdomo uliopinda atavuta mrija namna gani? Nilijaribu na soda. Yote ilitoka pembeni ikateremka kwenye shati.

Kaka yangu, mwalimu mkuu, mtu wa dipolome, alijitolea upesi mno.

"Nitavuta mahali pako," akasema. "Wewe utakaa nyuma, na kitambaa usoni. Wasiseme familia imerogwa."

Nyuma? Katika nyumba niliyoijenga mimi, ubao kwa ubao?

Hospitalini walisema si kiharusi, ni mshipa wa uso umevimba. Wakanipa vidonge na dawa ya jicho, wakasema wengi hupona, nisubiri. Mpaka lini? Daktari akainua mabega. Wakwe hawangojei mabega ya daktari. Shemeji yangu wa kike naye akaleta watu wa maombi, wakaniwekea mikono kichwani wakifukuza mapepo mpaka majirani wakafunga madirisha. Na sokoni, mpinzani wangu wa mbao, anayeuza ng'ambo ya barabara, aliwaambia wateja: "Muangalie mudomo yake, iko naangalia Gisenyi, kule Rwanda. Nayo imechoka vita, inataka kukimbia." Hata mimi nilicheka, kwa nusu niliyobaki nayo.

Aliyenisaidia ni mteja wangu, mama wa Butembo aliyekaa miaka Uchina akinunua vitambaa. Alinipeleka mtaa wa Katindo kwa Mchina mmoja mzee. Mchina huyo alikuja na kampuni ya kujenga barabara. Vita vikasimamisha barabara, wenzake wakaondoka, yeye akabaki na kufungua chumba cha kutibu nyuma ya duka la masufuria.

Mchina hakuuliza habari za uso kwanza. Alishika mkono wangu, akaweka vidole vitatu pale mshipa unapopiga, akavibonyeza kimoja kimoja kama mtu anayepiga likembe, kinanda cha vidole gumba. Akafanya hivyo na mkono wa pili. Akataka kuona ulimi. Akasema maneno marefu, na yule mama akafasiri:

"Anasema pepo imekuingia."

Nilisimama na kuchukua kofia yangu. "Mama, pepo gani? Mimi mukatoliki, ninapokea komunio kila siku ya Mungu. Hawa wa maombi wamenifukuzia mapepo juzi tu, na wewe unanileta kwa mwingine?"

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Muzee, kaa chini. Mupepo! Mupepo hii ya baridi, ya inje. Anauliza: gari yako iko na kioo?"

Hapo nilikaa. Fuso yangu ilitoka Kampala, usukani uko kulia. Kioo cha upande huo kilivunjwa kwa kitako cha bunduki siku wanajeshi walipokimbia vita Kibati, nje kidogo ya mji, na mmoja wao alitaka nimbebe bila kumngojea mwenzake. Tangu siku hiyo nilipita Kibati kila alfajiri, kando ya mahema ya wakimbizi, na baridi ya mlima ikanipiga shavu lilelile. Mchina hajawahi kuiona gari yangu.

Akanieleza elimu yao. Mwili una joto na una baridi, na afya ni vitu hivyo viwili kutooneana. Nguvu inatembea mwilini kwa njia zake. Upepo na baridi vikiingia njiani, nguvu inakwama. Nikamwambia usinifundishe, hiyo ni bariere, kizuizi cha wanajeshi barabarani. Wakifunga bariere Kibati, mbao zinakosekana mjini, ingawa mjini hakuna kosa lolote. Mama alipofasiri, Mchina akapiga meza kwa furaha. Nadhani hajawahi kupata mwanafunzi kama mimi.

Sindano zake ni nyembamba kama unywele. Nyingine alizitia shavuni, lakini moja aliitia mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Nikauliza mkono una kesi gani. Akasema njia ya uso inapita pale. Sawa: unampigia simu komanda aliye mbali, bariere inafunguka hapa. Akachoma majani makavu karibu na sikio langu, bila kunigusa, mpaka joto likaingia hadi kwenye meno. Akaniamuru nitie kioo kipya na nisinywe kitu cha baridi.

Nilirudi kwake tena na tena. Siku moja, katikati ya soko, nikapiga mluzi. Mpinzani wangu akageuka. "Imerudi kutoka Gisenyi?" "Imerudi," nikamwambia, "na wateja wako inawachukua."

Daktari wa hospitali aliponiona, akasema mdomo ungerudi wenyewe, tena vidonge vyake vilifanya kazi. Sawa. Nimeuza mbao miaka mingi. Kila mtu anasema nyumba imesimama kwa sababu ya ubao wake.

Wakwe walipofika, kaka alikuwa amevaa kravati, tayari. Nikampita, nikainama, nikashika mrija. Desturi ni kuvuta kidogo na kumpokeza mkwe. Mimi nilivuta. Mashavu yote mawili yaliingia ndani sawasawa, na nilitaka kila mtu aone.

"Papa, utuachie basi," bwana harusi akanong'ona.

Sikuacha mpaka mrija ukalia chini ya mtungi. Mzee wao akachungulia ndani, akasema, "Huyu ametukubali sisi, na wajukuu, na wajukuu wao." Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Kisha akanitoza amande, faini ya papo hapo: mtungi mwingine, na mbuzi juu yake.

Usiku nikapiga hesabu ya mdomo huu: sindano, kioo, mtungi na mbuzi, jumla dola mia mbili arobaini na moja, na faranga mia tano.