Babu karudi na kiti cha treni

Jamani, leo babu yangu kabeba kiti cha treni mbele ya maafisa, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Maafisa wa reli walikuja hapa Butiama kutuuliza tunataka mabehewa ya namna gani. Wakaleta na kiti cha mfano, laini kama godoro.

Babu akaja na kigoda chake. Enzi za Ujamaa alisimama kwenye treni kutoka Mwanza mpaka Tabora, na tangu hapo anatembeaga nacho. (Hata kanisani.)

Akainuka kutoa maoni: "Watu wakae, wanangu. Mimi nilisimama mpaka miguu ikavimba."

Afisa mmoja, ili amsikie vizuri, akavuta kigoda cha babu akakikalia.

Uwanja mzima tukamgeukia babu.

Kwetu kigoda cha mzee hakikaliwi na mtu mwingine mpaka mzee mwenyewe afe, kirithiwe. Hata baba yangu hajawahi!

Babu hakufoka. "Mwanangu, hicho umeshakirithi. Na mimi naomba changu."

Akajitwika kile cha mfano, huyo nyumbani.

Nyie mngemzuia?

Reli haijafika Butiama, lakini barazani kwetu babu anasafiri daraja la kwanza.

Bibi, abiria mwenzake, kasimama tangu saa nane.