Tabasamu Lililokwama Njiani

Sogea, mwanangu, unisikilize. Bado naikumbuka siku walipochimba kizingiti cha mlango wetu kule Kang'ata, nami bibi harusi, hina haijafutika mikononi.

Mama mkwe alikuwa amenipokea bila kigelegele wala tabasamu. Ukimwamkia shikamoo, marahaba yake ilitoka kwa mnong'ono, uso umetulia kama wa mtu aliyeudhika. Mkono wake mmoja ulitetemeka hata ukiwa umelala mapajani. Kisha, siku chache baada ya mimi kufika, akaanza kukwama. Akifika mlangoni miguu inagoma, anasimama pale pale. Watu wakaanza kunitazama.

"Bibi harusi kaja na kitu chake, kakifukia hapa," alisema baba mdogo wa mume wangu, akipiga jembe. "Tukikipata, leo leo anarudi kwao."

Nilisimama uani, nikilitazama jembe. Wakachimba mpaka shimo likafika magotini. Wakapata mizizi na kigae cha chungu.

Wifi yangu, aliyeolewa Kilole, akacheka. "Baba mdogo, bado choo hujachimba! Mama anaumwa. Kesho namchukua."

Kesho yake tukampeleka mama hospitali, Korogwe. Mlangoni kwa daktari akakwama tena. Daktari akaomba fimbo ya mgonjwa mmoja, akailaza sakafuni mbele yake. "Mama, vuka hii." Mama akainua mguu, akavuka! Nilishika mdomo.

Daktari akatueleza taratibu. Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na mjumbe mmojawapo huitwa dopamini. Huyo husaidia mguu uanze hatua, uso uonyeshe furaha, hata mtu apate hamu ya kufanya jambo. Kwa mama, seli zinazomtengeneza mjumbe huyo zilikuwa zinakufa kidogo kidogo. Ile fimbo ililisaidia jicho kuuamsha mguu kwa njia nyingine.

"Kwa hiyo mama hanichukii?" nikauliza.

Akajibu mama mwenyewe, polepole. "Nikuchukie kwa lipi? Mbona nakuchekea kila siku. Kumbe kicheko hakitoki usoni?"

Dawa alizopewa hazikumponya kabisa, lakini zilimlegeza viungo. Asubuhi moja napepeta mahindi, nikainua macho: tabasamu lile limefika usoni. Ungo ukanitoka mikononi. Mpaka leo nastaajabu, mwanangu. Kitu kidogo hivyo, jicho halikioni, ndicho kinachobeba kicheko cha mtu mpaka shavuni!

Basi usiseme mtu ana roho mbaya kwa sababu uso wake umekauka, wala usimtafutie mchawi mzee anayekwama. Mungu akutunzie akili na viungo vyako, akupe wazee wa kukuchekea. Na ukiona mkono wa mzee wako unatetemeka ukiwa umepumzika, hatua zinafupika, sauti inafifia, mpeleke hospitali. Akipewa dawa, asiziache mpaka daktari aseme.